Mafundi wa Nukta Inayosogea

Kazi huanza na picha nne. Zote ni za kipande kimoja cha anga, zimepigwa na darubini moja, usiku mmoja, zikipishana kwa dakika chache. Kila picha imejaa nukta nyeupe juu ya weusi, na kwa jicho lisilozoea, ya kwanza haina tofauti na ya nne. Kompyuta huzionyesha kwa zamu, moja, mbili, tatu, nne, kisha inarudia, na kurudia tena. Nyota hazibanduki mahali pake. Galaksi za mbali nazo zimetulia. Fundi hupitisha jicho kona baada ya kona, bila haraka, mpaka nukta moja hafifu, iliyokaribia kumezwa na giza, inapiga hatua. Inapiga ya pili, urefu uleule, upande uleule. Kisha ya tatu. Hapo fundi anajua kwamba hatazami nyota. Anatazama mwamba unaolizunguka Jua, na huenda yeye ndiye binadamu wa kwanza kuuona.

Mwamba huo huitwa asteroidi. Hadi sasa zimeorodheshwa zaidi ya milioni moja na laki nne, nyingi zikizunguka kati ya Mirihi na Mshtarii, mbali na sisi. Ila zipo ambazo njia zao hupita jirani na njia ya Dunia, na kufikia mwisho wa 2025 zilizojulikana za namna hiyo zilikuwa zimepita 40,000. Pamoja nazo kuna nyotamkia, madonge ya barafu na vumbi yanayoshuka kutoka pembezoni mwa mfumo wa Jua, mengine yakionekana miezi michache tu kabla ya kutupita. Nyuma ya orodha hiyo ndefu kuna watu waliokesha. Makala haya ni ya kuwasifu watu hao na ufundi wao, kwa sababu ni ufundi usiopiga kelele, unaotulinda sote, na kwa sababu naamini macho ya vijana wa Kisii na Nyamira yanaufaa.

Sisi wa milima ya Gusii hatuhitaji kuambiwa kwamba cha juu chaweza kudhuru. Alasiri mawingu hupanda, mbingu hunguruma, na watu huita watoto waingie ndani. Radi imeua watu na mifugo katika vijiji vyetu, na shule hufunga vikinga radi juu ya mapaa. Mkulima wa chai wa Nyansiongo anajua jinsi mvua ya mawe inavyoweza kuchana majani kwa muda mfupi kuliko ule wa kuyachuma. Tena tumesongamana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,872,436 katika kaunti zetu mbili za Kisii na Nyamira, na huko Kisii walikuwa zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Hakuna bonde lisilo na paa, wala kilima kisicho na shamba la mtu.

Mawe ya angani nayo yamekwisha kuanguka karibu nasi. Tarehe 14 Agosti 1992, saa tisa na dakika arobaini alasiri, jiwe kubwa liliingia hewani juu ya Mbale, Uganda, mji ulio kilomita zipatazo 200 kutoka Kisii. Lilipasuka, na vipande vyake vikanyesha juu ya eneo la kilomita tatu kwa saba. Kimoja kidogo kilipunguzwa kasi na majani ya mgomba kabla ya kumpiga mvulana kichwani. Hakuumia. Anayejua migomba ya Gusii, inavyozunguka kila boma kutoka Ogembo hadi Keroka, ataelewa kwa nini habari hiyo hainitoki akilini.

Muda mfupi baada ya tukio hilo, wanasayansi walikwenda Mbale. Miongoni mwao alikuwamo Mholanzi Peter Jenniskens, na katika kazi hiyo walishirikiana na mwanajiolojia Barifaijo wa Chuo Kikuu cha Makerere. Ni hapa ninapoanza kuvutiwa na namna watu hawa wanavyofanya kazi. Hawakukimbilia jiwe kubwa ili wapigwe nalo picha. Waliwasikiliza wenyeji: umeona nini, umesikia nini, lilianguka wapi? Walitia kwenye ramani mahali 48 palipoanguka mawe, kuanzia kijiwe cha sehemu ya kumi ya gramu hadi jiwe la kilo 27.4. Kufikia Oktoba 1993 walikuwa na makadirio ya uzito wa vipande 863. Kutokana na mpangilio wa vipande hivyo ardhini walirudi nyuma kwa hesabu: jiwe lilipasuka kwa mara ya mwisho likiwa kilomita 10 hadi 14 juu, kilo zipatazo 190 zilifika chini, na kati ya hizo 150 ziliokotwa, na kabla ya kuingia hewani huenda lilikuwa na uzito wa tani moja. Kutoka ushahidi wa mkulima aliyesimama shambani, walifika hadi kwenye njia iliyokuwa ikipitwa na jiwe hilo kulizunguka Jua. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na mtu mwenye haraka, wala na mtu anayemdharau shahidi wake.

Lakini Mbale walihesabu baada ya jiwe kuanguka. Fahari ya ufundi huu ni kuhesabu kabla, na kwa hilo turudi kwenye picha nne.

Adui wa kwanza wa msakaji ni nukta ya uongo. Kitambuzi cha kamera huwa na vitone vilivyoharibika vinavyowaka bila sababu. Chembe zenye nguvu kutoka anga za mbali hupiga kamera na kuacha alama inayofanana na nyota. Satelaiti hupita na kuchora mstari. Mwanga wa nyota kubwa humwagika na kuzaa vivuli. Mara nyingine vitone vitatu vya uongo, kila kimoja katika picha yake, hujipanga karibu katika mstari, na moyo wa mgeni unaruka: “Mwalimu, nimeipata!” Mwalimu aliyekomaa humwambia asubiri picha ya nne. Kisha humwuliza maswali kwa utaratibu. Je, hatua zote zina urefu mmoja kulingana na muda uliopita kati ya picha? Je, ziko kwenye mstari mmoja? Je, mng'ao ni uleule, au nukta inawaka katika picha moja na kufifia katika nyingine? Je, umbo lake ni la mwanga uliopita kwenye kioo cha darubini, wenye kitovu na kingo laini, au ni kitone kikali kisicho na kingo? Jibu moja likikataa, nukta inatupwa.

Wachongaji wa mawe wa Tabaka, huko Mugirango Kusini, wana tabia hiyohiyo. Fundi wa Tabaka hageuzi kila bonge linalotoka machimboni kuwa kiboko au sahani. Huligeuza, huligonga, hutafuta ufa na mshipa mgumu uliofichika ndani ya ulaini, na akiona kasoro huliweka kando hata kama rangi yake inapendeza. Anajua kwamba jiwe bovu litamgeuka siku ya tatu, akiwa amemaliza kuchonga na wenye msasa na maji wameanza kulilainisha. Kwa msakaji wa asteroidi pia, kukataa ndiyo nusu ya kazi. Anaweza kupitia seti nyingi za picha akaandika mwishoni kwamba hakuona kitu, na taarifa hiyo ina heshima yake, kwa kuwa ni ya kweli.

Nukta ikipita mtihani, inapimwa. Programu kama Astrometrica, iliyotungwa na Herbert Raab wa Austria, hulinganisha picha na orodha ya nyota ambazo mahali pake panajulikana kwa usahihi mkubwa. Siku hizi orodha inayotegemewa zaidi ni ile ya Gaia, chombo cha Ulaya kilichopima nyota zaidi ya bilioni moja. Kutokana na nyota hizo, fundi hupata kitovu cha mwanga wa nukta yake. Nyoosha mkono na usimamishe kidole kidogo mbele ya jicho: kimefunika takriban digrii moja ya anga. Igawe digrii hiyo mara 3,600. Vipimo vizuri vya asteroidi hukosea kwa chini ya moja ya sehemu hizo. Wakati wa picha nao lazima uwe sahihi, maana mwamba unaokwenda kwa kilomita nyingi kila sekunde haumsubiri mtu mwenye saa mbovu.

Kwa mtindo uliozoeleka, kipimo kikishakamilika huandikwa katika mstari mmoja wenye nafasi 80 za herufi na tarakimu. Ndani yake kuna jina la muda la kitu hicho, tarehe na wakati, mahali kilipokuwa angani, mng'ao wake, na alama tatu zinazotaja kituo kilichopiga picha. Hakuna sifa wala maelezo. Mistari hiyo kutoka pembe zote za dunia hupelekwa Minor Planet Center, kituo kilichoko Cambridge, Massachusetts, ambako mstari wa mwanafunzi na wa profesa hupimwa kwa mizani moja: je, unaafikiana na vipimo vya wengine? Napenda uadilifu huo. Mwenye cheo hapewi nafasi ya 81.

Baada ya hapo huja hesabu za njia, na hapa ufundi una historia ndefu. Usiku wa kwanza wa Januari 1801, Giuseppe Piazzi, akiwa Palermo, aliona nukta iliyosogea. Aliifuata hadi Februari, kisha ikapotelea katika mwanga wa Jua. Vipimo alivyoacha vilikuwa vya kipande kidogo mno cha safari yake. Kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, alibuni njia ya kuhesabu obiti nzima kutokana na vipimo vichache, akatabiri itakapotokea. Mwisho wa mwaka huohuo ikaonekana tena karibu na alipoonyesha. Ndiyo Ceres, ya kwanza kugunduliwa. Mpaka leo msingi haujabadilika. Kadiri unavyopima sehemu ndefu zaidi ya njia, ndivyo unavyojua vyema itakapopita kesho. Ukipima usiku mmoja tu, unachojua ni upande, na upande hautoshi kumwambia mtu alale usingizi.

Jambo hili lilionekana wazi mwanzoni mwa 2025. Tarehe 27 Desemba 2024, darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Chile ilikuwa imegundua asteroidi iliyopewa jina 2024 YR4, yenye upana wa makumi kadhaa ya mita. Hesabu zilionyesha kwamba ingeweza kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032, na ukanda wa mahali ambapo ingeweza kuanguka ulipita pia juu ya Afrika, zikiwemo Nigeria, Sudan na Ethiopia. Uwezekano ulipanda kutoka asilimia moja hadi kufikia asilimia 3.1 tarehe 18 Februari 2025. Wiki moja haikuisha kabla haujashuka karibu na sifuri.

Wapo waliosema wanasayansi wametutisha bure. Ukiufahamu ufundi wenyewe utaona walifanya ipasavyo. Vipimo vya mwanzo huacha ukanda mpana wa mahali ambapo asteroidi inaweza kuwa siku ile, na Dunia imo ndani ya ukanda huo. Vipimo vikiongezeka, ukanda unasinyaa. Maadamu Dunia bado imo, inakuwa sehemu kubwa zaidi ya kilichobaki, kwa hiyo uwezekano unapanda. Kisha kipimo kingine kinasogeza kingo za ukanda, Dunia inabaki nje, na hatari inaporomoka. Watu wale walitangaza tarakimu ilipopanda na wakatangaza iliposhuka, siku kwa siku, bila kuficha ya kwanza ili wasionekane waoga wala ya pili ili wasionekane wamekosea. Laiti kila ofisi inayoshika usalama wetu ingesema na wananchi namna hiyo.

Barani kwetu hesabu imewahi kwenda hadi mwisho. Tarehe 6 Oktoba 2008, Richard Kowalski, akitumia darubini ya Mount Lemmon huko Arizona, aliona nukta ambayo saa chache baadaye ilithibitika kuwa inakuja moja kwa moja. Ilipewa jina 2008 TC3. Ilikuwa na upana wa mita nne hivi, ndogo kiasi cha kutodhuru mji, lakini hapakuwa bado na asteroidi yoyote iliyokamatwa kabla ya kugonga. Watazamaji wa nchi mbalimbali waliacha walichokuwa wakifanya, wakatuma mamia ya vipimo katika muda usiofika saa 20. Walisema itaingia juu ya jangwa la kaskazini mwa Sudan alfajiri ya tarehe 7. Ikaingia hapo, ikapasuka kilomita 37 juu ya ardhi.

Wengi walidhani hakuna kilichofika chini. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum hakuridhika. Mwezi wa Desemba, pamoja na Jenniskens yuleyule wa Mbale, aliwapeleka jangwani wanafunzi na wafanyakazi wa chuo wapatao 45. Walijipanga mstari mrefu wakatembea, macho chini, wakipekua mchanga hatua kwa hatua. Katika safari hiyo na zilizofuata walipata takriban vipande 600, jumla ya kilo kumi na ushei. Kwa mara ya kwanza binadamu alishika mkononi mawe ya asteroidi aliyoiona kwanza ikiwa angani. Vipande hivyo vilikusanywa na vijana wa Kiafrika kwa miguu yao, na hilo linapaswa kuwemo katika masomo ya sayansi ya kila shule ya eneo letu.

Mawe ya Afrika Mashariki yana nafasi kubwa katika elimu hii kuliko wengi wetu tunavyojua. Tarehe 28 Januari 1934 mawe yalianguka Rumuruti, Laikipia. Kipande cha gramu 67 kilihifadhiwa Berlin, na miongo mingi baadaye wataalamu waligundua kwamba kilikuwa cha aina ambayo haikuwa imetambuliwa bado. Leo kundi zima la vimondo vya aina hiyo, popote vinapookotwa duniani, hubeba jina la Rumuruti. Huko Tanzania, tarehe 16 Desemba 1938, jiwe la gramu 705 lilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Ni laini, limejaa maji yaliyofungwa ndani ya madini, na mchanganyiko wake unakaribiana na ule wa Jua ukiondoa gesi nyepesi. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta gramu 5.4 za udongo wa asteroidi Ryugu mwezi Desemba 2020, maabara zililinganisha udongo huo na kundi la Ivuna, zikaona ni ndugu. Kwa kazi ya namna hii jiwe hukatwa na kusagwa hadi unene wa sehemu tatu za mia za milimita, mpaka mwanga unapita ndani yake, na madini yanafunguka kwa rangi chini ya hadubini. Anayetaka kujua namna ya kuusukuma mwamba lazima ajue kwanza kama ni mgumu, ni lundo la kokoto, au ni udongo wenye maji.

Kusukuma nako kumejaribiwa, na Kenya ilikuwepo. Chombo cha Marekani kiitwacho DART kilitumwa kujigonga kwenye asteroidi ndogo Dimorphos, isiyotutishia, inayozunguka kubwa yake Didymos. Kilipogonga, kwetu ilikuwa saa nane na dakika 14 usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 2022. Susan Murabana na Daniel Chu Owen, waanzilishi wa The Travelling Telescope, ambao kwa miaka mingi wamepeleka darubini kwa watoto wa shule sehemu mbalimbali za Kenya, walikuwa macho pamoja na wenzao wa Kenya na wa kisiwa cha Réunion. Darubini zao zilikuwa ndogo, za kubebwa na mtu mmoja. Walichonasa ni mng'ao ukipanda ghafla wakati wa kugonga, rangi ikigeuka kuelekea wekundu, na wingu la vumbi likitanuka. Vipimo vyao, pamoja na vya watazamaji wengine wa kujitolea, vilichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, vikionyesha kwamba zilipita karibu siku 24 kabla ya mng'ao kurudi ulivyokuwa. Nao muda wa Dimorphos kuzunguka, uliokuwa saa 11 na dakika 55, ulipungua kwa zaidi ya nusu saa. Mkono wa binadamu ulikuwa umebadilisha mwendo wa mwamba wa angani, na majina ya Wakenya yamo kati ya mashahidi walioandika.

Mtu anaweza kuuliza kama kompyuta hazijachukua kazi hii. Zimechukua sehemu kubwa. Mwezi Juni 2025 kituo cha Vera Rubin huko Chile kilitangaza asteroidi mpya 2,104 zilizopatikana katika picha za takriban saa kumi tu. Lakini kila programu imeandikwa na mtu aliyejua nukta ya kweli inavyotembea, na kila programu huachwa na nukta hafifu inazoshindwa kuamua. Kati ya asteroidi za karibu zenye upana wa mita 140 au zaidi, zinazoweza kuharibu eneo kubwa kuliko kaunti zetu mbili, zilizokwisha kupatikana hazijafika nusu. Kazi ya macho na akili haijaisha.

Na kazi hiyo haihitaji kilele cha mlima wala anga kavu. Gusii ina mawingu mengi, hilo hatuwezi kulibadilisha. Lakini tangu 2006 mpango wa International Astronomical Search Collaboration, ulioanzishwa na Patrick Miller huko Texas, umekuwa ukiwagawia wanafunzi na watu wa kawaida duniani picha za darubini kama Pan-STARRS ya Hawaii, bila malipo, kwa kampeni za takriban mwezi mmoja. Kinachohitajika ni kompyuta ya kawaida, intaneti ya kushusha picha, na kundi la watu wasiochoka. Nukta mpya ikithibitishwa, hufuatiliwa kwa miaka, mara nyingi sita hadi kumi, kabla ya kupewa nambari ya kudumu, na hapo walioigundua hupendekeza jina. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayeipima leo huenda akawa amemaliza chuo kikuu siku hiyo ikifika. Hii si kasoro. Inamfundisha kijana kwamba kuna kazi njema ambazo malipo yake huchelewa, na kwamba hilo halipunguzi ulazima wa kuzifanya vizuri.

Usiku mawingu yanapoachia, hasa Desemba hadi Februari, tuna neema nyingine. Kisii iko chini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo anga ya kusini na ya kaskazini zote ziko wazi kwetu. Ukisimama kwenye ukingo wa Manga, mji wa Kisii ukiwaka chini yako, bado unaweza kuona Msalaba wa Kusini upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili. Oktoba 2024 nyotamkia Tsuchinshan–ATLAS ilionekana kwa macho matupu. Miongoni mwa darubini zilizoigundua zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ni ile ya ATLAS iliyoko Sutherland, Afrika Kusini. Bara letu halitazami tu. Linagundua.

Sasa kuna tarehe ambayo kila mwalimu wa sayansi wa Kisii na Nyamira anapaswa kuiandika ukutani. Asteroidi Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, ilipogunduliwa mwaka 2004 ilipewa kwa siku chache uwezekano wa asilimia 2.7 wa kutugonga mwaka 2029. Mafundi walirudi kwenye picha za zamani, wakaikuta katika picha za Machi mwaka huohuo ambazo hakuna aliyekuwa ameitambua, na hofu ya 2029 ikafutika. Vipimo vya rada vya 2021 viliondoa hatari yote kwa angalau miaka 100. Itapita kilomita zipatazo 32,000 juu ya ardhi, chini ya satelaiti za matangazo, usiku wa Ijumaa tarehe 13 kuamkia Jumamosi tarehe 14 Aprili 2029, na kufika karibu kabisa saa sita na dakika 46 usiku kwa saa za Kenya. Afrika imo katika sehemu zitakazoiona kwa macho matupu ikisogea kati ya nyota. Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka huo kuwa wa kimataifa wa kuelimisha watu kuhusu asteroidi na ulinzi wa Dunia.

Aprili ni masika kwetu, na mawingu yanaweza kutunyima tamasha hilo. Ndiyo sababu nawaomba walimu wa shule zetu, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Kisii na idara za elimu za kaunti zote mbili wasingoje usiku mmoja wa bahati. Anzisheni vikundi vya kusaka asteroidi muhula ujao. Andikisheni vijana katika kampeni za picha, wafundisheni kukataa nukta ya uongo na kupima ya kweli, na watafutieni hata darubini moja ndogo ya kuzunguka kutoka shule hadi shule. Apophis ikifika, mvua inyeshe au isinyeshe, Gusii iwe tayari na vijana wanaojua kuisoma njia yake na kuieleza kwa wazazi wao.